UCHAMBUZI: Haki ya mtoto huanzia kalamuni mwa daktari

BARABARA moja tu, Ring Road, ndiyo inayoutenganisha mtaa wa Milimani jijini Kisumu na mabanda ya Nyalenda. Upande mmoja kuna nyumba zenye bustani pana na miti mikongwe ya enzi za mkoloni. Upande wa pili kuna vijumba vya mabati vilivyobanana. Ni katika upande huo wa pili ambako usiku wa kuamkia Agosti 12, 2017, polisi waliokuwa wakikabiliana na waandamanaji baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa waliingia katika nyumba ya familia moja, na mtoto wa kike wa miezi sita akapigwa kichwani.

Mtoto huyo, Samantha Pendo, ambaye taifa zima lilikuja kumjua kama Baby Pendo, alilazwa akiwa hajitambui katika Hospitali ya Aga Khan, Kisumu. Aliaga dunia Agosti 15.

Kesi ya uchunguzi wa kifo chake ilisikizwa na hakimu Beryl Omollo mjini humo, na mnamo Februari 2019 akaamua kuwa polisi walihusika, akiwataja makamanda watano. Ilimlazimu Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kusubiri hadi Oktoba 2022 kuidhinisha mashtaka dhidi ya maafisa 12 kwa makosa ya uhalifu dhidi ya ubinadamu, chini ya Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya mwaka 2008. Faili ikahama Kisumu na kwenda katika Milimani nyingine, ile ya mahakama za Nairobi, ambako iliahirishwa mara kwa mara kabla hata ya washtakiwa kusomewa mashtaka.

Katika safari hiyo yote, swali la ni nini kilichomuua mtoto lilijibiwa mapema: majeraha ya kichwa. Yaliyochukua miaka ni maswali ya nani alipiga na nani alitoa amri. Sayansi ya tiba ilifanya kazi yake kwa siku chache, nayo sheria ingali inasukumana na yake.

Hata hivyo, kesi ya Pendo ilikuwa na bahati ambayo watoto wengi hawana. Ilikuwa na kamera za wanahabari, mashirika ya haki za binadamu na mamlaka ya IPOA inayochunguza utendakazi wa polisi. Mtoto anayeletwa hospitalini usiku na nyanya yake kutoka kisiwa cha Mfangano au ufuo wa Usenge, akiwa na jeraha ambalo hakuna mtu mzima anayetaka kulieleza, hana lolote kati ya hayo. Aliye naye ni mhudumu wa afya aliye zamuni. Atakachokiandika mhudumu huyo katika dakika 30 za kwanza ndicho aghalabu kitakachoamua kesi miaka miwili baadaye.

Hapa ndipo penye kiini cha suala la madaktari wa watoto na mfumo wa sheria nchini. Sheria zipo, tena si haba. Kinachokosekana ni mpango wa kudumu kati ya hospitali na mahakama. Daktari wa watoto ni shahidi wa kwanza wa mtoto, apende asipende, lakini mfumo wa haki umemzoea kama karani wa kujaza fomu: aandike, atie muhuri, asahaulike, kisha akumbukwe ghafla siku ya kesi akiwa katikati ya wadi yenye wagonjwa 40.

Fomu zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni P3, inayotolewa na polisi na kujazwa na mhudumu wa afya kwa mtu yeyote aliyejeruhiwa. Ya pili ni ile ya Wizara ya Afya ya huduma baada ya ubakaji, ambayo hujazwa hospitalini katika nakala tatu. Hii ya pili ina undani zaidi: huuliza nguo ziko wapi, mtoto alioga au la, vipimo gani vilichukuliwa na nani alivipokea. Tatizo ni kwamba familia nyingi haziijui. Zinaanza safari kituoni mwa polisi kutafuta P3, zinaambiwa zirudi kesho, na saa zinayoyoma.

Saa hizo zina thamani ya uhai. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kwa eneo la Ziwa, ambako maambukizi yamekuwa ya juu kuliko wastani wa kitaifa kwa miongo kadhaa, hilo si jambo la kusomwa vitabuni tu. Kanuni za mwaka 2012 chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ziliagiza matibabu ya waathiriwa yawe bila malipo katika hospitali za umma. Anayetoka Mfangano hupanda mashua hadi Mbita, kisha feri hadi Luanda Kotieno, kisha matatu. Kufikia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakazi wa Kisumu wangali wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, nusu ya muda huo huenda imekwisha. Na nguo za mtoto, zikiwa zimefungwa mbichi katika mfuko wa plastiki kwa nia njema kabisa, zimeanza kuota ukungu. Zingewekwa katika bahasha ya karatasi, zingekauka na ushahidi ungebaki. Jambo dogo kama hilo hakuna anayemfundisha nyanya, wala chifu, na pengine wala askari wa kituo cha ufuoni.

Hospitali hiyo ya rufaa ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Ni hatua kubwa. Lakini kituo kinachotibu, kutoa ushauri nasaha na kujaza fomu bado hakijafika mahakamani. Kutoka mlango wake hadi kizimbani kuna pengo ambalo hutegemea sana bidii ya afisa mmoja wa upelelezi, ambaye naye anaweza kuhamishwa wakati wowote.

Yapo masuala mawili ambamo kalamu ya daktari wa watoto hubeba uzito kuliko anavyodhani mwenyewe. La kwanza ni umri.

Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa mwaka 2006 baada ya kampeni kali iliyoongozwa na mbunge maalum wa wakati huo Njoki Ndung'u, aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Sheria hiyo ilipanga adhabu za unajisi kwa ngazi. Mwathiriwa akiwa na miaka 11 au chini, anayepatikana na hatia hufungwa maisha. Akiwa kati ya miaka 12 na 15, kifungo hakipungui miaka 20. Akiwa kati ya 16 na 18, hakipungui miaka 15. Kwa muda fulani baadhi ya majaji walianza kupunguza vifungo hivyo, wakisema vinawafunga mikono. Mjadala ulikatwa Julai 12, 2024, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba adhabu hizo za chini ni halali, na kurejesha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufaa ilikuwa imekishusha hadi 15.

Maana ya uamuzi huo kwa daktari ni nzito. Kuanzia hapo, mwaka mmoja katika tathmini yake ya umri unaweza kuwa tofauti kati ya miaka 20 jela na maisha. Umri usipothibitishwa kabisa, mashtaka yenyewe huporomoka, na mtoto aliyedhulumiwa hurudi kijijini kukutana na aliyemdhulumu sokoni.

Mahakama ya Rufaa ya Uganda ilisema mwaka 2000, katika uamuzi ambao majaji wa Kenya wamekuwa wakiunukuu mara kwa mara, kwamba ushahidi wa kitabibu ndio wenye uzito mkuu katika kubaini umri. Iliongeza kwamba umri unaweza pia kuthibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa, kwa maneno ya wazazi, hata kwa kumtazama mtu na kutumia busara ya kawaida. Ni msimamo wa kiungwana. Lakini madaktari wanajua jambo ambalo korti hazipendi kulisikia: tiba haijui umri wa mtu kwa tarehe. Inakadiria.

Daktari wa meno huhesabu meno yaliyoota na yanayongojea. Mwingine hupiga picha ya eksirei ya kifundo cha mkono na kulinganisha mifupa na kitabu cha picha cha Greulich na Pyle, ambacho toleo lake mashuhuri lilitoka mwaka 1959. Picha hizo zilitokana na watoto wa familia zenye uwezo huko Cleveland, Marekani. Binti wa mvuvi aliyeugua malaria mara kumi na kukosa lishe miaka yake ya kwanza si lazima mifupa yake ifuate saa ya watoto wa Ohio. Wataalamu wenyewe wanakubali kwamba makadirio ya aina hiyo yanaweza kupotoka kwa mwaka mmoja au miwili kila upande. Ripoti nyingi zinazofika mahakamani hata hivyo huwa na tarakimu moja tu, "miaka 12", bila kutaja upana huo. Hakimu huiona tarakimu, huiamini, na huhukumu.

Daktari mwaminifu anapaswa kuandika "kati ya miaka 11 na 13" na kueleza alivyofikia hapo. Atamuudhi kiongozi wa mashtaka, ila atakuwa amesema kweli. Hali hiyo humhusu pia kijana aliyeshtakiwa. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, ilipandisha umri wa chini wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na kuweka dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi kutofautisha jema na baya mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni nani wa kuithibitishia mahakama akili ya mtoto wa miaka 13? Si askari aliyemkamata.

Dawa ya tatizo la umri imo katika kitu cha bei rahisi kuliko eksirei: kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Mwaka 2014 takriban asilimia 61 ya watoto nchini walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 walikuwa wamepita asilimia 80. Maana yake ni kwamba watoto wengi wanaozaliwa sasa wana tarehe iliyoandikwa na muuguzi siku hiyo hiyo, na tarehe za chanjo zinazofuatana wiki kwa wiki. Korti zimekuwa zikizikubali kadi hizo kama ushahidi wa umri. Muuguzi anayeandika tarehe kwa haraka, au anayeifuta na kuandika nyingine juu yake, hajui kwamba anaandika hati ya mahakama ya mwaka 2035.

Suala la pili ni mwili wa mtoto wenyewe, na hapa uchambuzi unahitaji kusema waziwazi yale ambayo magazeti huyapitia pembeni. Kwa miaka mingi, kesi za unajisi zimejengwa juu ya sentensi moja ya P3: kizinda kimechanika. Sentensi hiyo ikiwepo, wengi huona kesi imekwisha. Isipokuwepo, wengi huona mtoto amedanganya. Maoni yote mawili ni potovu. Madaktari wa watoto wanafahamu kwamba watoto wengi walionajisiwa hukutwa na maumbile ya kawaida kabisa wanapopimwa, hasa siku zikipita, kwa kuwa mwili wa mtoto hupona upesi. Wanafahamu pia kwamba maumbile hutofautiana tangu kuzaliwa.

Sheria nayo haidai jeraha. Inasema kupenya kunaweza kuwa kwa sehemu au kamili. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2012 kwamba kizinda kinaweza kukosekana kwa sababu nyingine, na kwamba kuchanika kwake peke yake hakuthibitishi kosa. Mwaka 2006 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imesema kuwa kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakuui kesi ya ubakaji endapo maneno ya mwathiriwa na mazingira yanatosha. Na kifungo cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu hakimu kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika kesi za kingono, mradi aandike sababu za kumwamini.

Kwa hivyo daktari akiandika tu "hakuna kilichoonekana" na kunyamaza, amemtupa mtoto. Angeongeza mstari mmoja: "matokeo haya hayakanushi maelezo ya mtoto." Mstari huo ni elimu ya udaktari wa watoto iliyotafsiriwa kwa lugha ya korti, na ni wachache wanaouandika kwa kuwa hakuna aliyewahi kuketi nao kuwaeleza hakimu husoma nini katika fomu hiyo.

Hatari ya upande wa pili ipo, nayo haifai kufichwa. Uingereza ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 1999 daktari bingwa wa watoto aliyeheshimika sana, Roy Meadow, aliiambia mahakama kuwa uwezekano wa watoto wawili wa familia moja ya hali nzuri kufa kifo cha ghafla cha utotoni ni mmoja kati ya milioni 73. Baraza la wazee wa mahakama likamwona mama yao, wakili Sally Clark, kuwa muuaji. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa la wazi, kwa sababu vifo viwili vya ndugu si matukio yasiyohusiana. Hukumu ilibatilishwa mwaka 2003, baada ya mama huyo kukaa gerezani zaidi ya miaka mitatu. Daktari aliyezoea kuaminiwa wadini anaweza kusahau kwamba kizimbani anaruhusiwa kusema yale tu anayoyajua.

Itakumbukwa, hata hivyo, kwamba ni madaktari wa watoto walioifungua dunia macho kuhusu dhuluma za nyumbani. Mwaka 1962, Henry Kempe na wenzake wa Denver, Marekani, waliandika makala kuhusu watoto waliofika hospitalini na mivunjiko ya mifupa isiyolingana na maelezo ya wazazi. Kabla ya miaka mingi kupita, majimbo yote ya nchi hiyo yalikuwa na sheria za kuwataka madaktari waripoti. Wanasheria walifuata nyayo za eksirei.

Hakuna haja ya kwenda Denver kutafuta mfano. Ng'ambo ya pili ya Maziwa Makuu, katika kijiji cha Kavumu, mkoa wa Kivu Kusini, takriban wasichana wadogo 40 walitekwa usiku kutoka vitandani mwao na kunajisiwa kati ya mwaka 2013 na 2016. Polisi wa huko walilichukulia kila tukio kivyake, kama kisa cha mhalifu asiyejulikana. Waliogundua kwamba ni jambo moja ni wahudumu wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa na Dkt Denis Mukwege mwaka 1999. Walikuwa wakipokea majeraha yanayofanana, kutoka kijiji kile kile, kwa watoto wa umri mmoja. Wakaandika. Wakahifadhi. Wakaketi na mawakili na wapelelezi.

Mnamo Desemba 13, 2017, mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu 11, akiwemo mbunge wa mkoa Frederic Batumike, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Rufaa yao iligonga mwamba mwaka uliofuata. Kilicho muhimu kwa msomaji wa Kisumu ni kwamba watoto wale hawakulazimika kusimama mbele ya watesi wao: mahojiano yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video hospitalini na watu wenye ujuzi wa kuzungumza na watoto. Ikiwa yawezekana Kongo Mashariki, katika nchi yenye vita na barabara mbovu, ni vigumu kuelewa kwa nini isiwezekane kando ya Barabara Kuu ya Jomo Kenyatta.

Sheria ya Kenya yenyewe inaruhusu. Tangu mwaka 2006, mahakama inaweza kumtangaza mtoto kuwa shahidi anayehitaji ulinzi, na kumteua mtu wa kumsemea. Sheria inawataja jamaa, mwanasaikolojia, mshauri nasaha, mlezi, afisa wa watoto na mtaalamu wa masuala ya kijamii. Ina tahadhari pia: mtu hawezi kutiwa hatiani kwa maneno ya msemaji huyo peke yake. Lakini msemaji hawezi kuokotwa asubuhi ya kesi. Anapaswa kuwa mtu aliyekutana na mtoto tangu siku ya kwanza, na wadi ya watoto ndiko watu hao walipo.

Mambo mengine ni ya ratiba tu, ingawa ndiyo yanayoua kesi nyingi. Daktari anaitwa kutoa ushahidi, anafika, kesi inaahirishwa kwa sababu wakili wa mshtakiwa hayupo. Anaitwa tena, safari hii amehamishiwa Turkana au amekwenda masomoni. Madaktari waligoma kwa siku 100 hadi Machi 2017, na kwa siku 56 mwaka 2024. Mahakamani fomu zilisubiri walioziandika. Sheria ya Ushahidi inamruhusu daktari mwingine anayeujua mwandiko wa mwenzake kuiwasilisha ripoti iwapo mwenyewe hapatikani bila kucheleweshwa kupita kiasi. Hilo hufanyika, ila anayeisoma ripoti asiyoiandika hawezi kujibu maswali ya wakili mkali. Tangu Machi 2020, wakati janga la korona lilipozilazimisha mahakama kusikiza kesi kwa njia ya video, hakuna tena sababu ya maana ya kumtoa daktari Lodwar hadi Kisumu kwa ushahidi wa dakika 15.

Ushirikiano huu hauishii katika jinai. Mwaka 1993, daktari wa watoto Barry Zuckerman wa Boston alichoka kuwatibu watoto wa pumu waliorudi kila mwezi kutoka nyumba zenye ukungu ambazo wenye nyumba walikataa kuzikarabati. Akaajiri mawakili hospitalini. Dawa ya kifua ilikuwa barua ya wakili. Hapa nchini, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kupitia mpango wa AMPATH wa kuhudumia wenye virusi vya Ukimwi, ilikuwa miongoni mwa walioanza mapema kuwaunganisha wagonjwa na kituo cha msaada wa kisheria. Katika Kisumu na Homa Bay, shirika la KELIN limefanya kazi na wazee wa jamii ya Waluo kuwarejesha wajane na mayatima katika mashamba waliyofukuzwa.

Daktari wa wadi ya watoto wenye utapiamlo anaijua hadithi hiyo bila kuambiwa. Mtoto anapewa maziwa ya tiba, ananenepa, anaruhusiwa kwenda nyumbani, na baada ya miezi mitatu anarudi akiwa amekonda vile vile. Shamba la marehemu baba limechukuliwa na ami, na mama analima vibarua. Ugonjwa huo hauna sindano. Una Sheria ya Urithi, na una Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa mwaka 2016. Lakini hakuna nafasi katika cheti cha kumruhusu mgonjwa ya kuandika "apelekwe kwa wakili", jinsi kulivyo na nafasi ya kuandika "apelekwe kwa daktari wa macho".

Wapo madaktari watakaosema hiyo si kazi yao, na hawana makosa wakitazama foleni iliyo mlangoni. Wapo pia wanaohofia kwamba msichana mjamzito wa miaka 16 akijua kliniki ina mlango wa nyuma unaoelekea kituoni mwa polisi, hatakuja kliniki. Hofu hiyo ni ya haki. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya tiba, na mwongozo wa lini siri hiyo ivunjwe kwa maslahi ya mtoto unapaswa kuandikwa na madaktari na wanasheria wakiwa meza moja, badala ya kila zamu kujiamulia usiku wa manane.

Meza yenyewe ipo. Chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, kila kituo cha mahakama kina Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambamo huketi mahakimu, polisi, viongozi wa mashtaka, maafisa wa urekebishaji tabia, magereza na mawakili. Mwaka 2016 baraza hilo liliunda jopo maalum kuhusu masuala ya watoto likiongozwa na Martha Koome, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Rufaa wakati huo kabla ya kuwa Jaji Mkuu mwaka 2021. Baadaye zikaanzishwa mahakama maalum za kesi za dhuluma za kingono, ya kwanza ikiwa Shanzu, Mombasa, mwaka 2022. Katika mikutano mingi ya kamati hizi, wanaozungumziwa zaidi ni wafungwa, dhamana na mrundiko wa faili. Daktari wa watoto, kama yupo, hukaa nyuma. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kwa Kisumu, maswali ya kuanzia katika kamati hiyo ni ya kawaida kabisa. Nani anapokea bahasha ya nguo kutoka hospitalini usiku, na anatia sahihi wapi? Je, ripoti ya umri itataja upana wa makadirio, na hakimu amefunzwa kuusoma? Chumba kipi cha hospitali kinaweza kuunganishwa na korti kwa video, na nani atalipia intaneti? Kiongozi wa mashtaka atakutana na daktari lini kabla ya kesi, hata kwa simu?

Kila Novemba, Idara ya Mahakama huwa na mwezi wa huduma kwa watoto, ambapo kesi zao hupewa kipaumbele na kusikizwa kwa mfululizo. Orodha ya kesi hutayarishwa mapema. Nakala moja ikipelekwa wadi ya watoto ya hospitali ya rufaa mwanzoni mwa Oktoba, daktari ataijua siku yake kabla ratiba ya zamu haijabandikwa ukutani.